Ndege ya Maji Iliyouawa na Kilima

Mliokaa nje na redio juu ya kigoda pale Nyamwaga, mlioko dukani Sirari mkimsubiri mteja wa mwisho kutoka ng'ambo ya mpaka, na wewe wa Robanda unayefunga zizi huku simu inanguruma mfukoni: karibuni.

Wiki iliyopita niligusia ndege zilizokuwa zikitua juu ya maji ya Ziwa Victoria, na kugusia huko kumeniletea kesi. Kijana mmoja alinisimamisha stendi ya Tarime akaniambia mbele za watu, "Mzee, ile ya ndege kutua ziwani umetupiga kamba." Sijakupiga kamba, mura. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za barua kutoka London kuja Afrika Mashariki, na mwisho wa safari ile haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza. Kutoka Khartoum kuja huku kusini walitumia ndege ambayo tumbo lake lenyewe ndilo mtumbwi: ina mkuku, ina gubeti, inafungwa nanga kama chombo chochote cha majini. Miaka michache baadaye zikaja kubwa zaidi, zikitua Port Bell kule Uganda, kisha Kisumu, kisha zinakata kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, mpaka Durban. Nitaziita ndege za maji, maana sijapata jina zuri kuliko hilo, na suala la jina nitalirudia kabla hatujaagana.

Leo, hata hivyo, siko kwenye barua na abiria. Niko kwenye vita. Na katika vita sitawasimulia habari za ndege iliyodunguliwa, kwa sababu hizo zina wasimulizi wengi. Nataka kusema juu ya wale waliokufa wakijifunza.

Tarehe 12 Mei 1944. Vita Kuu ya Pili imebakiza mwaka mmoja kasoro siku chache kwisha upande wa Ulaya, ingawa wakati huo hakuna ajuaye. Magharibi ya Scotland, mahali paitwapo Oban, kuna kikosi cha jeshi la anga la Uingereza ambacho kazi yake ni kuwapika marubani hatua ya mwisho: mtu ameshajua kurusha, ameshajua kutua, sasa anafundishwa kusafiri mbali juu ya bahari na wenzake wa ndege moja, ili apewe ndege aipeleke ng'ambo kunakohitajika. Siku hiyo imetoka Catalina, namba JX273, ina watu 9. Ni mazoezi. Hakuna adui waliyetumwa kumtafuta.

Catalina ilikuwa ndege ya maji ya Kimarekani yenye injini mbili, na bawa lake kutoka ncha hadi ncha linazidi mita 31. Mwendo wake ni wa polepole, kama kilomita 200 kwa saa, lakini ilikuwa na pumzi ya ajabu: ingeweza kukaa angani saa 15 na zaidi bila kushuka. Mwendo wa kobe, subira ya korongo. Kwa kuwinda manowari zilizojificha chini ya bahari, ilifaa sana.

Mbele yao kuna visiwa. Kimoja kinaitwa Vatersay, kisiwa kidogo cha wavuvi na wafuga kondoo, watu wanaozungumza Kigaeli na si Kiingereza wanapokuwa nyumbani. Kina vilima viwili vitatu ambavyo havifiki hata mita 200. Enyi watu wa milima ya Tarime, kwenu hicho si kilima, ni kichuguu. Basi Catalina ile, iliyojengwa kwa ajili ya maji, iliyoundiwa tumbo la kukata mawimbi, ikajipigiza ubavuni mwa kichuguu kile. Watatu walikufa. Sita wakatolewa wangali hai, wameumia.

Ndege ya maji, imeuawa na nchi kavu. Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilidhani ni ajali ya mkosi tu, jambo la ajabu la siku moja. Kumbe sivyo. Karibu miaka miwili kabla yake, tarehe 25 Agosti 1942, ndege ya maji aina ya Sunderland iliondoka Invergordon, upande wa pili wa Scotland, kuelekea Iceland. Hiyo haikuwa ya mazoezi. Ndani alikuwamo Duke wa Kent, mdogo wake Mfalme George wa Sita. Haikufika hata nusu ya njia. Ilipiga kilima kwenye ukungu, na kati ya watu 15 alipona mmoja tu, mpiga bunduki aliyekaa mkiani. Januari 1944 Sunderland nyingine ikitoka doria ikaishia kwenye milima ya Blue Stack, Ireland. Watu 12, wakafa 7.

Kwa nini? Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo mahali pangu.

Ukiwa juu ya bahari na mawingu yamekufunika, hujui uko wapi. Hakuna mti, hakuna barabara, hakuna mnara wa simu. Kilichokuongoza wakati ule ni hesabu: nimeruka kuelekea upande huu, kwa mwendo huu, kwa dakika hizi, basi niko hapa. Anayefanya hesabu hiyo ni mtu mmoja mwenye ramani, penseli na saa, kwenye meza inayotikisika. Na adui wa hesabu yake ni upepo. Mnaofanya kazi hifadhini, mliowahi kukaa Kogatende msimu wa nyumbu, mnajua ninachosema. Nyumbu anauingia Mto Mara hapa, macho yake yako kwenye njia iliyo ng'ambo, anaogelea kwa nguvu zake zote akiwa ameelekea palepale. Lakini anatokea wapi? Anatokea kule chini, penye ukingo mkali asiouchagua. Hakupinda. Ni mto uliomhamisha wakati yeye yuko sawa kabisa na dira yake.

Hewa nayo ni mto. Upepo wa ubavuni wa kilomita 50 kwa saa ukiisukuma ndege kwa saa tatu, na mwenye penseli hakuuona, wako kilomita 150 mbali na pale wanapodhani wapo. Ndege ya kasi unaweza kuisamehe makosa hayo, kwa sababu haikai sana kwenye upepo. Catalina, yenye mwendo wa polepole na safari ndefu, inakula upepo wote.

Sasa rubani aliyepotewa na hesabu anafanya nini? Anashuka chini ya mawingu aone maji. Na juu ya bahari tupu hilo ni jambo la busara, tena ndivyo anavyofundishwa, kwa kuwa doria ya manowari hufanyika chini chini. Chini yake hakuna kitu cha kugonga. Anashuka leo, anashuka kesho, mwili unazoea kwamba chini ya wingu pana usalama. Mpaka siku upepo umemhamisha, na chini ya wingu hakuna maji, kuna Vatersay.

Mtasema, mzee, maji nayo hayaui? Yanaua, na yanaua kwa namna ambayo wavuvi wetu wa Musoma na Shirati wataicheka. Wao wanaogopa mawimbi. Mwalimu wa ndege za maji anaogopa shwari. Ziwa likilala likawa kama kioo, rubani akilitazama haoni uso wa maji. Anaona mbingu iliyopinduliwa. Hawezi kujua yuko juu kwa mita 20 au kwa mita 2. Anaweza kuvuta pua ya ndege kabla ya wakati ikaporomoka, au asivute kabisa akaingia nayo ndani akiwa bado anasubiri kufika. Ndiyo maana mwanafunzi alifundishwa asiyaamini macho yake: ashuke taratibu kwa kipimo cha vyombo, karibu na ufukwe ili miti impe kimo, na asubiri mpaka tumbo liguse lenyewe. Pengine boti ilitangulizwa mbio ikayavuruge maji yapate mikunjo. Na usiku walifunga taa kwenye viboti vichache vilivyotiwa nanga kwa mstari, rubani ashuke kandokando ya mstari huo. Anayejua karabai za wavuvi wa dagaa zinavyoonekana kutoka mlimani usiku hahitaji kuchorewa picha.

Kuna jambo moja zaidi lililowapata walioruka kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo ndege ileile yenye mzigo uleule inahitaji kukimbia majini masafa marefu zaidi kabla haijanyanyuka. Rubani aliyezoea Mombasa akija Kisumu lazima ajifunze upya.

Turudi kwenye vita, na niwaambie kwa nini haraka ya kuwafunza marubani ilikuwa kubwa. Wakurya hamhitaji kuhadithiwa KAR, jeshi la King's African Rifles; nyumba ngapi huku zina babu aliyevaa kofia ile? Askari wetu walikuwa wanapelekwa Burma kwa meli kutoka bandari ya Kilindini, Mombasa. Tarehe 5 Februari 1944 iliondoka meli Khedive Ismail, ndani yake watu 1,511, wengi wao wakiwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Siku ya saba, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa torpedo. Meli ilizama kwa muda mfupi kuliko huu niliotumia kuwasalimia na kuwaeleza kesi yangu ya stendi. Walikufa watu 1,297. Na manowari zilezile zilizotenda hayo ndizo zilizokuwa zikiwindwa na Catalina. Kipevu, Mombasa, palikuwa na kituo cha ndege hizo. Kikosi cha 259 kilianzia hapo mwaka 1943, na mwaka huohuo kikahamia Dar es Salaam. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina mbili, moja ya kikosi hicho, ziliizamisha manowari ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska.

Basi kila siku bila rubani mpya ni siku ambayo meli kama ile inapita bila jicho juu yake. Ndivyo mafunzo yalivyokuwa yanasukumwa, mvua inyeshe, ukungu utande, twende. Jeshi la anga la Marekani peke yake lilipoteza watu takriban 15,000 katika ajali ndani ya nchi yao wenyewe, kabla hawajamwona adui. Watu wote hao, wamekufa darasani. Na kwenye simulizi zetu za vita hao huwekwa kando, kana kwamba aliyekufa akijifunza alikuwa bado hajaingia vitani. Mimi siafiki. Wale watatu wa Vatersay walikuwa wakiitwa kama vile babu zetu walivyoitwa, na waliitika.

Kwetu Tanganyika, Vita Kuu ya Kwanza ilianza na darasa baya zaidi, maana mwalimu hakuwapo kabisa. Meli ya vita ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza hawakuiona kwa sababu ya mikoko. Wakamtafuta rubani wa maonyesho kule Durban, bwana mmoja aitwaye Cutler, aliyekuwa akiwafurahisha watu kwa ndege ya maji aina ya Curtiss. Wakampa cheo, wakampakia na ndege yake melini, wakamshusha kwenye kisiwa kidogo karibu na Mafia. Safari ya kwanza alipotea. Ilibidi meli ikamtafute. Kisha mtambo wa kupoza injini ukaharibika, na hapa huwa nacheka peke yangu: walipeleka meli ya vita mpaka Mombasa kuchukua rejeta ya gari la Ford. Fundi wa Sirari angewafanyia hivyohivyo, na angewadai kidogo. Cutler akaiona Königsberg, ndiyo, lakini Desemba injini ilimfia juu ya delta, akatua mtoni, Wajerumani wakamchukua mateka.

Ndege za maji zilizofuata zilishindwa na joto. Gundi ikaachia, mbao zikavimba, nyingine hazikuweza kunyanyuka zikiwa na watu wawili. Hatimaye wakaona heri wafyeke uwanja Mafia na kuleta ndege za magurudumu. Na sasa sikilizeni mambo ya dunia. Tarehe 11 Julai 1915, siku Königsberg ilipokwisha, rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu wakiongoza mizinga ya meli za Waingereza, Severn na Mersey. Ndege yao ikapigwa. Ndege ya nchi kavu hiyo, yenye magurudumu, ikaangukia mtoni na kupinduka, na wote wawili wakaokolewa na boti ya Mersey. Ya maji hufia mlimani, ya magurudumu huanguka majini na watu wake wakapona. Nani atabishana?

Tena kuna ile iliyopotea kwa jirani zetu hawa. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya maji Corsair iliruka Port Bell kuelekea Juba. Chombo chake cha kutafuta mwelekeo kwa redio kilikuwa na hitilafu, ikatokea Kongo, mafuta yanakwisha, chini ni pori tu. Rubani aliona kijito karibu na Faradje, Mto Dungu, chembamba. Akatua humo. Mwamba ukapasua tumbo la ndege, lakini hakufa mtu. Kuitoa kulichukua miezi kumi. Walijenga lambo ili mto ujae, na Januari 1940, vita imeshaanza, ikaruka. Wale waliokoka kwa upana wa kijito. Wangekosa kijito, wangekuwa na kilima chao.

Najua wa Mugumu mnataka nimtaje Michael Grzimek, na sitawanyima. Yeye hakuwa askari, na haikuwa vita, ilikuwa 10 Januari 1959, akihesabu wanyama wa Serengeti. Ndege yake ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia ilikuwa na herufi D-ENTE, na neno hilo kwa Kijerumani ni bata. Tai mmoja aligonga bawa, ndege ikaanguka, Michael akafa. Alikuwa na miaka 24, yaani rika moja na wengi waliokuwa wakijifunza kule Scotland, na amezikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro.

Kule Vatersay, mabaki ya Catalina yaliburutwa kutoka mlimani ili yakachukuliwe. Hayakuchukuliwa. Mpaka leo yamelala kando ya kijito, karibu na barabara, vipande vya bawa na tumbo. Alumini haishiki kutu kama bati la nyumba zetu, kwa hiyo mng'ao wake bado upo. Wageni husimamisha magari, kondoo hupita kati ya mbavu zake wakichuma majani. Mwaka 1991 kisiwa kile kiliunganishwa na jirani yake, Barra, kwa tuta lililojengwa baharini, kwa hiyo sasa mtu hufika kwa gari mpaka penye ndege ya maji bila kulowesha viatu.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Lakini lile suala la jina sijalisahau. Wazee wa Mwanza, wa Majita, wa Shirati waliona kitu kile kikishuka ziwani, na watu wetu hawaoni kitu wakakosa kukipa jina. Mwenye bibi au babu anayekumbuka waliiitaje ndege ile, kwa Kijita, kwa Kijaluo, kwa Kikurya, au kwa Kisukuma huko kwa watani, aniletee studio au anisimamishe stendi kama yule kijana. Nitakuwa pale Jumamosi, upande wa magari ya Nyamongo.